Pazia la Viroba

Cheti changu cha kisomo cha jioni kinaning'inia juu ya jiko, na moshi umekaa nacho miaka mingi hata nadhani moshi nao umehitimu. Mgeni akikiulizia namwambia nilisoma chuo kikuu cha Kemambo, chenye chumba kimoja, karabai moja na wanafunzi laki tatu. Kweli yenyewe tulikuwa thelathini na ushei. Lakini ungetuona tulivyobanana, na wewe ungesema laki tatu.

Kwetu ni Busawe, ng'ambo ya mto Mara. Nilivuka hadi Kemambo kufuata dhahabu kama walivyofanya wote miaka ile, ila wenzangu waliifuata kwa sululu, mimi kwa sufuria. Wachimbaji lazima wale. Mtu akitoka kwenye duara, ndivyo tulivyoliita shimo la dhahabu hata kama lina pembe kumi, anameza ugali wa kutosha ukoo mzima halafu anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Kibanda changu kilikuwa kando ya njia iendayo machimboni. Wanawake hatukuruhusiwa kusogea kwenye maduara yenyewe, walisema tukikaribia dhahabu inakimbia, kwa hiyo habari zote za machimbo zilinifikia zikiwa zimekaa kwenye benchi, zinakula.

Kila asubuhi mama mmoja aliniletea maziwa ya mgando. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na kicheko chake kilitangulia kufika kabla ya kibuyu. Sasa huyu mama alikuwa na siku moja ambayo hakuisimulia kwa kucheka, na alinisimulia mara moja tu. Kuna duara liliporomoka, akaambiwa kuna karatasi imebandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Alipita pale na maziwa yake. Watu walikuwa wengi, na penye watu ndipo penye wateja, akatua kibuyu mbele ya mlango ule ule akaanza kuuza. Aliuza akitaniana na watu muda wa kutosha kumaliza kibuyu. Jina la mwanawe wa kwanza lilikuwa pale, kati ya majina ya waliokufa, usawa wa jicho lake, umbali wa mkono. Waliokuwa wanajua kusoma walidhani anajua, wakaona ajabu mama huyu anavyocheka. Mpaka jioni ndipo mtu akamshika bega.

"Karatasi ilinitazama," aliniambia. "Mimi naitazama, yenyewe inanitazama. Nikaiuzia maziwa."

Kwa hiyo ilipopigwa mbiu kwamba darasa la watu wazima linafunguliwa kwenye chumba cha shule ya msingi, jioni watoto wakishaondoka, yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Hakutaka cheti, wala hakutaka kuandika barua. Alitaka siku nyingine karatasi ikibandikwa, asimame mbele yake kama mtu na mtu. Mimi nilijiandikisha kwa sababu ya karabai. Nilipenda mwanga wake. Nasema ukweli.

Mwalimu alikuwa kijana wa Ukerewe, mpole, shingo ndefu, hajui neno la Kikurya zaidi ya "mura", yaani kijana, na hilo alilitumia hata kwa wazee. Siku ya kwanza alitupanga kama alivyofundishwa: wafupi mbele, warefu nyuma, wawili wawili kwenye dawati. Madawati yenyewe ni ya watoto. Mchimbaji akikaa, magoti yanafika masikioni, na wapo waliofungwa humo mpaka tukawatoa kwa mafuta ya kupikia. Mama wa maziwa, mfupi, akawekwa dawati la mbele. Mara akaingia kijana mmoja amechelewa, mfupi, mpana kama kinu, bado ana vumbi la duara kichwani. Mwalimu akafurahi kupata mfupi wa pili. "Kaa hapa, mura, na mama."

Yule kijana alikuwa mkwe wake, amemwoa binti yake.

Kwa asiyetujua nieleze. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawakai benchi moja, hawapeani mkono, mmoja akisikia mwenzake yuko njiani anachepuka porini hata kama pori lina chui. Na mama hatamki jina la mkwe wake hata akiota. Si chuki, ni heshima iliyozidi kipimo. Basi mama akajifunika kanga kichwa kizima, na kijana akatoka kwa dirisha. Dirisha halikuwa wazi. Alitoka na fremu yake, akaivaa shingoni, na wapo wanaoapa kwamba alifika nayo kijijini kwao Itiryo.

Mwalimu alibaki na chaki mkononi. "Wamegombana?"

Mbele kabisa alikaa mzee mmoja aliyekuwa mlipua baruti, na baruti zilikwisha kula masikio yake yote mawili. Alikuwa anasoma midomo ya watu, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, aliongea kwa sauti ya kuita ng'ombe walio kilima cha pili. "Hapana, mwalimu. Wanaheshimiana. Yule ni mkwe wake."

Mwalimu akakaa juu ya meza yake. Sijawahi kumwona mwalimu mwingine akikiri kosa, na nilitaka kumpigia makofi ila nilikuwa nimekwama kwenye dawati. "Nimewapanga kama watoto," akasema. "Kesho sipangi mtu. Njooni mapema, mjipange wenyewe. Mtakavyokaa, ndivyo nitakavyofundisha."

Siku iliyofuata tulibishana mpaka paa likatikisika. Mwalimu alisimama nje, tukamwita tulipomaliza, akaingia kama mgeni. Madawati tulikuwa tumeyasukuma ukutani, tukaleta magogo. Mzee wa baruti tulimweka mbele, si mbele kuelekea ubao tu, bali pembeni kidogo ili aone mdomo wa mwalimu na mdomo wa kila anayesoma. Waliokuwa na kifua cha vumbi, wale wanaokohoa mpaka unasahau walichokuwa wanasema, walikaa chini ya dirisha. Wenye watoto wachanga karibu na mlango. Kulikuwa na dada mmoja ambaye mikono ilimtetemeka kwa sababu ya miaka ya kuosha dhahabu kwa zebaki, kalamu haikumtii, naye akasema atajifunza kwa kuandika kwenye sinia la mchanga kwa kidole. Mwalimu akasema sinia si kifaa cha kisomo. Dada akamjibu, "Na mkono wangu si mkono wa kisomo, mwalimu. Tuvumiliane." Sinia likabaki.

Na katikati ya chumba, kuanzia ukuta wa nyuma hadi nusu ya darasa, tukatundika pazia. Tulilishona kwa viroba vya kubebea mawe ya dhahabu. Mkwe alishona nusu nyumbani kwake, mama akashona nusu kwake, na mimi nilikuwa balozi wa sindano, naipeleka huku, nairudisha kule, mpaka nikaunganisha nusu mbili. Wanasema lilikuwa refu kuliko reli ya Mwanza. Pazia halikufika mbele. Ubao ulionekana pande zote mbili, na mwalimu alionekana na wote. Mama alikaa upande wa mlango. Mkwe alikaa upande wa dirisha, na kwa kuwa alikwisha lifungua kwa kichwa chake, tulipanga mawe ndani na nje likawa mlango wake.

Sijui darasa lingine duniani, nami sijaona mengi, lakini lile lilikuwa letu. Hata waliokuja kwa uvivu hawakukosa. Mtu aliyejiwekea kiti chake mwenyewe anaona aibu kukiacha kitupu.

Baada ya miezi kadhaa mwalimu alianza kutuachia kusoma orodha ya mahudhurio kwa zamu. Siku ya mama wa maziwa ikafika. Aliweka kidole kwenye jina la kwanza, akalisoma, mwenye jina akaitika. La pili, la tatu. Kila jina lililotoka kinywani mwake lilikuwa kama ng'ombe anayetolewa zizini, taratibu na salama. Alifika katikati, kidole kikasimama.

"Endelea, mama," mwalimu akasema.

"Naendelea."

"Sikusikii."

"Na hilo hutalisikia kwangu, mwanangu. Lakini nalisoma."

Mwalimu alikunja uso, akaanza kutafuta kalamu nyekundu, ndipo sauti ikatoka nyuma ya viroba: "Nipo, mwalimu."

Darasa zima likacheka, na kicheko cha mama kikatangulia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Kidole cha mama kikisimama, pazia linajibu.

Sasa niandike la afisa wa elimu, ingawa kalamu haina hamu. Alikuja na gari kutoka wilayani, kijana wa suruali yenye mkunjo mkali, ungeweza kukatia nyanya. Sipendi kumsema vibaya. Alikuwa ametumwa kuhakikisha hakuna mtu anayeachwa nyuma, na aliona pazia, mwanamke upande mmoja, mwanamume upande wa pili. Aliona alichokuwa amefundishwa kuona.

"Hapa mnawatenga wanawake," akasema.

Mimi nilikuwa upande wa dirisha, mwanamke mnene kuliko wote darasani. Sikuonekana.

Kutoka nyuma ya pazia mkwe akasema, "Mheshimiwa, hatujamtenga mtu. Tumekaribishana."

"Unamkaribishaje mtu kwa kumfunika?"

Mama akasimama. Alisubiri kidogo shikamoo, haikuja, akaanza bila hiyo. "Baba, nani kakwambia nimefunikwa? Nusu nimeshona mimi."

"Mama, elimu inakuja kuondoa giza la mila."

"Iondoe taratibu basi. Mimi bado nimo humo."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichotuponza. Afisa aliandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Akasema darasa la kisasa ni moja, wote wanakaa pamoja, na akirudi akute hivyo, la sivyo karabai na vitabu vitapelekwa kwa wanaovitaka. Mwalimu alisema kwa upole, "Afisa, ungewauliza wenyewe kwanza." Afisa akajibu kwamba atawauliza wenyewe wakishaelimika.

Pazia tulilishusha sisi wenyewe. Halikuwa zito. Nilipewa mimi, nikalifunikia kuni.

Siku iliyofuata mama hakuja. Nikasema moyoni, amemwachia mkwe. Nikageuka kutazama upande wa dirisha, na mkwe naye hakuja. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu magogo mawili yalikaa matupu, moja kila upande wa mahali palipokuwa na pazia, na sisi wengine tulisoma tukiyakwepa kwa macho kama tunavyokwepa watu waliofiwa.

Kwa kuwa wote wawili walipita kibandani kwangu, ubalozi ukaanza upya. Asubuhi nikamwambia mama, "Mkwe wako naye haendi, anakuachia wewe." Akasema, "Mwambie aende. Yeye kijana, ana watoto watakaomletea madaftari. Mimi nina kibuyu tu." Mchana nikampelekea mkwe salamu pamoja na ugali. Akatafuna kwanza. Alikuwa mtu wa kutafuna kwanza.

"Yeye ana karatasi yake," akasema. "Mimi sina karatasi iliyonitazama."

"Sasa mtaachiana mpaka lini? Afisa mwenyewe atastaafu."

Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kesho yake akarudi, hakukaa. "Mwambie mama nimepata zamu ya jioni kwenye duara. Siwezi kusoma hata nikitaka. Aende."

"Umepata au umeomba?"

"We mwambie nimepata."

Nikamwambia amepata. Hilo ndilo nililolifanya. Mimi ambaye naongeza chumvi kwenye kila habari, kwamba mvua ilinyesha mpaka samaki wakaomba mwavuli, siku hiyo habari niliyoipeleka niliipunguza neno moja, na hakuna chumvi niliyowahi kuongeza iliyokuwa nzito kama neno hilo nililolipunguza.

Mama akarudi darasani. Mwalimu hakufuta jina la mkwe kwenye orodha, alisema mtu akiwa zamu si mtoro. Kwa hiyo mama akisoma mahudhurio, alifika pale pale, kidole kikasimama, na hapakuwa na pazia la kujibu. Mara ya kwanza karabai ilisikika inavyopumua. Ndipo mzee wa baruti, aliyekuwa akitazama midomo kama kawaida yake, alipoona mdomo wa mama umesimama, akasema kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe: "Yuko zamu."

Ikawa kazi yake. Mdomo wa mama ukisimama, mzee anajibu. Tuliizoea haraka kuliko tulivyozoea herufi.

Masika yakaja. Udongo wa kule ukilewa maji haushikiki. Matimba, ile miti ya kuzuia kuta za duara, yalikuwa ya zamani, na kila aliyekula kwangu alisema yatabadilishwa wiki ijayo. Jioni moja tulikuwa darasani, mama anasoma habari ya kuku na ugonjwa wa mdondo, tukasikia ardhi imekohoa. Si kelele kubwa. Kama mtu wa kifua chumba cha jirani. Mzee wa baruti hakusikia, lakini aliweka kiganja sakafuni akatutazama.

Wanaume wote walikimbia na sululu. Sisi wanawake tulibaki barabarani tukinyeshewa, maana hata siku hiyo hatukuruhusiwa kusogea. Ulipokucha tulijua maduara mawili yameshuka. Tulijua pia kwamba wapo waliotoka wakiwa hai wakakimbilia kwao Itiryo kwa hofu bila kuaga, kwa hiyo kutorudi nyumbani bado hakukuwa na maana ya kufa. Binti wa mama alilishika hilo kwa mikono miwili. "Atakuwa Itiryo," aliniambia, mtoto mgongoni. "Ni mtu wa kukimbia yule. Si alikimbia na dirisha?"

Nikacheka naye. Nilicheka, ndiyo.

Karatasi ilibandikwa mlangoni pa ofisi. Aliyeiandika alirudi machimboni kufukua, na vijana waliojua kusoma walikuwa huko pia. Mbele ya mlango tukabaki wanawake, vikongwe, watoto, na mzee wa baruti ambaye hakuna aliyemtaka kwenye shimo kwa kuwa hakuweza kusikia akiitwa. Mimi nilifika nikasimama nyuma. Wanawake walikuwa wameshamwona mama wa maziwa, wakampisha njia, wakamsukuma mbele.

"Wewe umesoma, mama. Tusomee."

Hakuwa na kibuyu siku hiyo. Alisogea mpaka karibu na mlango, akainua kidole, akakiweka chini ya jina la kwanza kama alivyofundishwa. Mzee wa baruti alisogea pembeni yake, mahali pake, ili aone mdomo. Binti akasimama nyuma ya bega la mama.

Akasoma jina la kwanza, kwa sauti, bila kukosea. Nyuma yetu mwanamke mmoja alikaa chini kwenye matope. Akasoma la pili. Akasoma la tatu, taratibu na salama, na kila jina lilipotoka kundi lilipungua sauti.

Kidole kikafika jina la nne, kikasimama.

Nilikuwa nimesoma. Kutoka nyuma nilipokuwa niliyaona maandishi, na herufi zile nilizijua, nilikuwa nimeziona mara nyingi kwenye daftari la mahudhurio. Ningeweza kulitamka mimi. Mdomo wangu haukufunguka.

"Mama," binti akasema. "Endelea. La nne ni nani?"

Mama hakugeuka. Kidole kilibaki pale pale.

"Mama, si unajua kusoma? La nne."

Mzee wa baruti aliuona mdomo umesimama. Alikuwa hajasikia swali la binti, wala mvua, wala sisi. Akasema kwa sauti iliyofika kilima cha pili, kama alivyosema kila jioni:

"Yuko zamu."

Hakuna aliyemkanya. Binti alifungua kanga iliyombeba mtoto, akamshusha, akamkumbatia kifuani, akakaa pale alipokuwa amesimama.

Mama aliondoa kidole kwenye jina la nne, akakishusha chini ya jina la tano. Kulikuwa na mwanamke mwingine upande wa kushoto anasubiri. Akalisoma.